Sindano Kwanza: Kuongoza Warsha ya Kutarizi na Wanawake Wakimbizi

Una chumba. Labda ni ukumbi wa kanisa, darasa la madrasa siku lisipotumika, au sehemu ya nyuma ya duka lako la cherehani. Mikono yako inajua kutarizi. Na mtaani kwako, iwe Kayole, Githurai, Kasarani au Eastleigh, wanaishi akina mama kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Ethiopia, Sudan na Sudan Kusini. Wengine wameshatambuliwa kuwa wakimbizi. Wengine bado wanaomba hifadhi na wanasubiri jibu. Unataka kuwaita wakae pamoja washone. Waite. Kazi hii inawezekana kwa pesa kidogo, mradi uipange vizuri.

Jambo moja liongoze mengine yote: hawa wanakuja kutarizi. Hawaji kuhojiwa, hawaji kuhurumiwa, hawaji kupamba ripoti ya mtu. Ukilishika hilo, maamuzi mengi madogo yatakuwa mepesi.

Uliza kabla ya kununua

Tafuta wanawake watatu au wanne wa jamii tofauti kabla hujatumia shilingi. Kaa nao kwa chai. Waulize wanajua kushona nini, walifundishwa na nani, na sasa wangependa kushona nini. Waulize siku na saa. Kisha nyamaza usikilize.

Utakuta ujuzi upo tele. Akina mama wengi wa Kivu na Burundi walijifunza broderi, yaani kutarizi, shuleni, parokiani au kwa mama zao. Wanawake wa Sudan Kusini wana milaya, shuka zinazotariziwa maua na ndege kwa rangi kali na kumaliziwa ukingo wa kroshia. Milaya hutandikwa mgeni akija, hutolewa harusini, na huuzwa shida ikibisha hodi. Vita vilipowasukuma hadi Bidi Bidi, kaskazini mwa Uganda, makazi yaliyofunguliwa Agosti 2016, waliendelea kuzishona huko. Mama mwenye ujuzi huo usimweke kwenye kiti cha mwanafunzi. Mpe kipindi afundishe mshono wake, na umlipe kwa siku hiyo.

Usikisie sanaa ya mtu kwa kutazama pasipoti yake. Vitambaa vya rafia vya Wakuba vinasifika duniani, na wanaovitarizi ni wanawake. Lakini Wakuba ni watu wa Kasai, na mama wa Bukavu anatoka upande wa pili wa nchi, kando ya Ziwa Kivu. Ukimletea michoro ya Kuba na kumwambia "hii ni ya kwenu", atajua hukumuuliza.

Kuhusu siku, chunga ibada. Ijumaa mchana ni ya Waislamu. Jumamosi Waadventista wako kanisani, na ni wengi miongoni mwa Wakongo, Warundi na Wanyarwanda. Jumapili ni ya Wakristo wengine. Zinabaki Jumatatu hadi Alhamisi, saa nne asubuhi hadi saa saba, watoto wakubwa wakiwa bado shuleni. Ramadhani ikifika, fupisha kipindi na chai iwekwe chumba kingine.

Chukua wanawake kumi hadi kumi na wanne. Zaidi ya hapo hutaweza kuona mkono wa kila mtu. Alika na majirani Wakenya wawili watatu wanaopenda kushona. Mgeni akimjua jirani mmoja wa kumwuliza shule ipi ni nzuri na zahanati gani haina foleni, tayari amepata faida kubwa.

Nauli, mtoto, miwani

Haya matatu ndiyo yanayoamua nani atarudi wiki ya pili. Yatengee pesa kabla ya uzi.

Nauli ilipwe siku hiyohiyo, mkononi, na kiasi kiwe kimoja kwa wote wanaotoka eneo moja. Usiseme "nitakutumia kwa M-Pesa" kabla hujauliza. Wapo wanaotumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine kwa sababu ya mambo ya vitambulisho. Pesa ikipitia simu ya mtu, huenda isifike yote, na mama ataona haya kukwambia.

Kwa watoto, tandika mkeka kwenye kona iliyo mbali na sindano. Tafuta mwanamke wa kuwaangalia na umlipe. Akina mama wenyewe wamchague, maana hakuna atakayemwachia mtoto mtu asiyemjua. Anayenyonya abaki na mama yake.

Miwani ndiyo husahaulika. Mtu akishapita miaka arobaini, macho huanza kukataa vitu vya karibu. Mama atakwambia "mimi sijui kutarizi" kumbe haoni tundu la sindano. Nunua miwani ya kusomea ya bei nafuu, namba +1.50, +2.00 na +2.50, jozi mbili za kila namba. Iweke mezani pamoja na mikasi, bila tangazo. Ongeza vitungia uzi vichache. Kama bajeti yako inaruhusu kitu kimoja tu cha ziada, kiwe miwani hiyo.

Viti vikae karibu na madirisha. Anayeshona kwa mkono wa kulia mwanga umtokee kushoto, wa mkono wa kushoto umtokee kulia. Kila nusu saa, wote wainue macho na kunyoosha vidole.

Vifaa vichache, vilivyo sahihi

Kitambaa kiwe cha pamba, kilichofumwa kwa karibu, kisichovutika. Kitambaa cha marekani kinafaa sana kwa kuanzia. Kifue kwa maji ya moto na ukipige pasi kabla ya kukigawa, kwa sababu pamba husinyaa. Usipokifua sasa, kitasinyaa baadaye na maua yote yatakunjamana.

Uzi wa pamba wa kutarizi huuzwa kwa vifundo vya mita 8, na ndani yake mna nyuzi ndogo sita. Wafundishe kuzitenganisha: mbili kwa mistari myembamba, tatu kwa ua la kujaza. Uzi mwekundu, mweusi na wa buluu iliyokoza ujaribiwe kwanza. Lowesha kipande, kibane ndani ya kitambaa cheupe, piga pasi. Doa likitokea, uzi huo usiuweke kwenye kitu cha kuuza.

Urefu wa uzi ni dhiraa moja, kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole cha kati. Ukizidi hapo hujisokota, hufunga mafundo na huchakaa kabla haujaisha. Kipimo hiki kila mtu amekuja nacho, kwa hiyo tepu ibaki kabatini.

Sindano ziwe za kutarizi, zenye tundu refu. Namba 7 au 8 zinatosha kwa kazi nyingi. Nunua subana kadhaa na fremu za duara za sentimita 15 hadi 20. Duara la ndani lizungushie utepe wa pamba ili lisiteleze. Kazi itolewe kwenye fremu kila mwisho wa kipindi. Ikikaa wiki nzima, alama ya duara inagoma kutoka.

Hesabu sindano wakati wa kuanza na wakati wa kumaliza. Mpe kila mtu mbili, zikiwa zimechomekwa kwenye kipande cha sponji chenye namba yake. Weka sumaku moja ya kupitisha sakafuni. Chumba chenye watoto hakina nafasi ya "labda imeanguka mahali".

Mchoro uchorwe kwa penseli. Kitambaa chepesi kibandike dirishani juu ya karatasi, mistari itaonekana. Kitambaa cheusi chora kwa kipande kikavu cha sabuni kilichochongoka, kama mafundi wanavyofanya. Biki usiiguse, wino wake hauondoki. Anayesema hajui kuchora, azungushe kikombe, jani au kiganja cha mwanawe.

Siku ya kwanza

Kila mtu aondoke na kitu kilichokamilika. Kata vitambaa vya sentimita 15 kwa 15. Wachague herufi moja au jani moja. Mishono miwili inatosha: mshono wa nyuma kwa mistari, wa mnyororo kwa shina na kingo. Mishono ya kujaza, fundo na msalaba itakuja baadaye.

Fundisha kwa mikono. Inua fremu juu, shona polepole mara tatu bila kusema neno, kisha zunguka. Kiswahili kitakufikisha mbali kwa Wakongo na kwa Warundi wengi, ila ongea taratibu na sheng iache mlangoni. Kwa wanaozungumza Kiarabu, Kisomali, Kiamhari au Kioromo, tafuta mkalimani mwanamke. Usimtumie mtoto wa mmoja wao. Kuna mambo mama hatayasema kupitia mdomo wa mwanawe.

Kumsalimu mtu, uliza "Nikuite nani?" Epuka "Wewe ni mama nani?" mpaka mmezoeana. Kwetu ni swali la heshima, lakini humo chumbani yupo aliyezika mtoto, na yupo aliyetengana na wake njiani.

Kisha sema jambo hili wazi, kwa kila lugha iliyomo chumbani: warsha hii haimpeleki mtu Marekani, Canada wala Australia. Kuhudhuria hakuongezi wala hakupunguzi kitu kwenye kesi ya mtu. Kusajiliwa kama mkimbizi ni bure, na kupelekwa nchi ya tatu ni bure. Anayedai pesa kwa hayo ni tapeli. Usiliruke hili hata kidogo. Usiposema, tetesi zitasema badala yako, na atatokea mtu wa kuuza nafasi za kiti kwenye warsha yako.

Meza zisipangwe kwa mataifa. Zipange kwa mishono: wanaojifunza mnyororo hapa, wanaomalizia kingo pale. Watu wa pande mbili za vita moja wanaweza kujikuta wamekaa pamoja. Siasa za nyumbani zisiingie. Mama akihamisha kiti chake kimyakimya, mwache. Hukuwaita kuja kupatanishwa.

Hadithi yake ni yake

Mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini, ulimi hulegea. Wanawake watazungumza. Ikitoka hadithi, ipokee. Usiichimbe.

"Ulikimbiaje?" "Mumeo yuko wapi?" "Waliwafanyia nini?" Haya ni maswali ya ofisini. Wameshaulizwa na maofisa, wakaandikwa, wakaulizwa tena. Kwa anayeomba hifadhi, kila jibu lina uzito wa kisheria, na neno lililosemwa ovyo mezani linaweza kumsumbua. Wewe uliza kuhusu uzi.

Wala usimwambie mtu atarizi "safari yangu" au "maumivu yangu". Wafadhili wanaipenda mada hiyo, na picha zake hutoka vizuri kwenye ripoti. Mimi naipinga moja kwa moja. Mwanamke aliyepoteza nyumba ana haki ya kukaa asubuhi nzima akitarizi kuku mwenye mkia wa zambarau kwa sababu tu anampenda kuku huyo. Atarizi samaki, jina la binti yake, maembe. Siku akiamua mwenyewe kushona moto, msaidie kuchagua rangi ya chungwa inayofaa na ukae karibu.

Mtu akilia, usisimamishe chumba kizima. Mwenzake akae naye, maji yaletwe, mlango wa nje uwe wazi. Usiahidi usichoweza kutimiza. Bandika ukutani namba mbili za bure: 1195 ya kuripoti ukatili wa kijinsia, na 116 ya watoto. Bandika pia ndani ya mlango wa choo, ambako mtu anaweza kuzinakili bila kutazamwa. Maswali ya kesi yapelekwe kwa wanasheria. Refugee Consortium of Kenya na Kituo cha Sheria ni mashirika yanayowasaidia wakimbizi kisheria. Wewe usitoe ushauri wa kesi, hata ukiwa na nia njema na binamu wakili.

Kanuni ya picha iwekwe siku ya kwanza: hakuna picha za nyuso. Hata mikono itazame mara mbili, maana hina, kovu au pete humtambulisha mtu. Piga picha ya kazi ikiwa peke yake mezani. Mahali na saa ya warsha visiandikwe mtandaoni. Wako wanaojificha kutokana na mume, shemeji, au watu waliowafuata kutoka nyumbani. Kwenye daftari lako andika jina analotaka kuitwa na namba ya simu, basi. Nakala za vitambulisho usikusanye.

Juni ikikaribia, simu zitalia. Tarehe 20 ni Siku ya Wakimbizi Duniani, na watakuja watu wanaotaka akina mama wakae hemani na kushona mbele ya wageni waheshimiwa. Uliza maswali matatu: mnawalipa kiasi gani kwa siku, nauli ni ya nani, na picha zitakwenda wapi. Pelekea wanawake majibu hayo waamue wenyewe. Majibu yakikosekana, kataa kwa upole na uendelee na kipindi chako.

Mkifika kwenye kuuza

Si kila warsha lazima iuze. Kama kundi limeridhika kukaa na kushona, acha hivyo. Lakini wengi watataka kipato, na hapo heshima hupimwa kwa shilingi.

Anza na sheria. Kenya ina Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyochukua nafasi ya ile ya 2006, na inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi. Vibali navyo vina utaratibu wake, kama kile cha daraja M kwa wakimbizi. Kabla ya kuuza kwa jina la kikundi, kaa na mwanasheria saa moja ujue nani anahitaji karatasi gani. Mwombaji hifadhi na mkimbizi aliyetambuliwa hawako mahali pamoja kisheria.

Bei ipigwe kwa saa. Shona vipande vitatu vya aina moja ukiangalia saa, upate wastani. Tuseme ni foronya ya kochi: kitambaa 150, nyuzi 120, zipu 30, jumla shilingi 300. Kazi ni saa 8 kwa shilingi 150, yaani 1,200. Mpaka hapo ni 1,500. Ongeza asilimia 10 ya mfuko wa kikundi, uiuze 1,650. Soko likikataa bei hiyo, punguza maua. Malipo ya saa usiyaguse.

Vitu vidogo hutoka haraka: alamisho za vitabu, kadi, mikoba ya kitambaa, kola za shati. Foronya na shuka zishonwe kwa oda.

Mshonaji alipwe siku kazi yake inapopita ukaguzi. Mali kauli isiwe desturi yenu. Mama anayelipa kodi ya chumba kila mwezi hawezi kungoja mpaka mtalii apite. Kama mfuko hauna pesa ya kununua vipande ishirini, chukueni kumi.

Ukaguzi ufanywe na wanawake wawili wa kundi, kwa zamu. Geuza kazi uangalie nyuma. Mafundo yasiwepo, ncha za uzi zipitishwe chini ya mishono. Uzi usiruke kutoka ua hadi ua kwa zaidi ya upana wa kidole. Kisha laza kazi kifudifudi juu ya taulo na upige pasi kwa nyuma, maua yabaki yameinuka.

Mchoro una mwenyewe. Mama wa milaya akifundisha ndege wake, muulize mbele ya wote kama wengine wanaruhusiwa kumshona kwa ajili ya kuuza, na yeye anapata nini. Andikeni jibu. Mkishona kitambaa kikubwa cha pamoja, nacho kiamuliwe mapema: kitakaa wapi, na kikiuzwa pesa zagawanywaje.

Mkishaiva, ulizieni kuhusu MADE51, mpango ulioanzishwa na UNHCR mwaka 2018 unaowaunganisha mafundi wakimbizi na kampuni za kijamii zinazofikisha kazi zao kwenye masoko ya nje. Msiuharakie. Mnunuzi wa nje huagiza vipande mia vinavyofanana, kwa tarehe maalumu.

Ndani ya miezi michache atajitokeza mwanamke anayefungua mlango kabla yako na kujua uzi gani umeisha. Mpe funguo, mpe daftari la hesabu, na umlipe kama kiongozi. Wewe sogea kiti cha pembeni. Pesa za mfadhili zikikaribia kwisha, waambie miezi miwili kabla, ukiwa na takwimu mkononi, wapange wenyewe kama wataendelea kwa mchango wa chama au watapumzika.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa lakini huna chumba wala muda wa kuongoza, unaweza kusaidia wiki hii. Tafuta kikundi cha aina hii mtaani kwako, chagua kitu unachokipenda, na ulipe bei waliyoitaja bila kuomba wapunguze.